Msomaji wa Utabiri wa Theluji

Msomaji wa utabiri katika redio ya wilaya, chini ya milima ya Altai, huipasha kalamu moto kwapani kabla ya kuandika, kwa kuwa wino huganda, kisha hupiga mstari chini ya kila siku yenye theluji. Sauti yake haipandi wala haishuki: Jumatatu huenda theluji ikaanguka, Jumatano huenda ikaanguka, Jumamosi vivyo hivyo. Wafugaji humlaani huku wakimsikiliza. Yeye husoma kilichoandikwa na hamshauri mtu, hata akiombwa.

Asubuhi moja mfugaji Norjmaa aliingia redioni na barafu kwenye nyusi. Nyasi kavu za kondoo wake zilikuwa zimekwisha, na malisho yaliyosalia yalikuwa ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku mbili. “Kaka, wewe theluji unaisoma au unaiita? Hebu nitafutie siku mbili tu zilizo wazi.” “Ningekuwa naiita, dada, ningeifukuza pia.” Msomaji hakucheka. Alipitisha kidole kilichopasuka kwa baridi juu ya karatasi, akarudi mwanzo, akapitisha tena, ingawa aliiandika mwenyewe: safari hii kila siku ya juma ilikuwa na mstari chini yake. Kisha akavua miwani. “Usiwahamishe. Wachinje leo, wangali na nyama mwilini.” Norjmaa alishika ukingo wa meza. “Na wenye mimba?” “Hata hao.” Akachomoa kisu chake kiunoni, akamkabidhi kwa mikono miwili, mpini ukimwelekea. “Chukua na hiki. Chako peke yake kitakuwa butu kabla ya adhuhuri.”