Siku ya Verna Stachura

Mji wa Brandiff, Ohio, umekatwa katikati na reli, na kila mtu anajua ni upande upi unaowekewa lami kwanza. Verna Stachura alikuwa wa upande wa pili, Mashariki. Aliendesha basi la shule mpaka magoti yakagoma, na alipostaafu, badala ya kucheza bingo kama wenzake, akahamia kwenye vikao vya baraza la mji. Madiwani walimwogopa. Walikuwa na mtindo wao: mambo madogo madogo, kama kununua chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, yanafungwa furushi moja na kupitishwa kwa kura moja bila mjadala. Ila mwananchi yeyote akinyoosha mkono kabla ya kura, jambo alilolitaja linachomolewa na kujadiliwa mbele ya watu. Verna alikuwa bingwa wa kuchomoa.

Mwaka ule kilichomkosesha raha ni kituo cha zimamoto cha Mashariki. Watu walinong'ona kwamba kitafungwa, gari la wagonjwa lihamishiwe ng'ambo ya reli. Treni za mizigo husimama kwenye kivuko cha reli na kuziba barabara kadiri zipendavyo, na hakuna wa kuziuliza. Emmett, mumewe, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Jirani yao Denise Wooten alikuwa na mtoto wa pumu, na kazi yake ya zamu haikumruhusu kwenda vikaoni; alimwambia Verna kwamba mtaa mzima unamtegemea yeye. Verna akamjibu aondoe shaka. Meya Curt Hoffner alikuwa abiria wake tangu ana makamasi, na wakati wa kampeni Verna ndiye aliyempigia hodi nyumba kwa nyumba kumwombea kura. Curt asingemficha kitu.

Kisha Curt mwenyewe akampigia simu. Baraza litatangaza Siku ya Verna Stachura, kwa heshima yake. Apendeze, na aje na mzee.

Basi akavaa gauni la buluu alilovaa kwenye harusi ya binti yake, Emmett akafunga tai. Curt alisoma tangazo lenye muhuri wa dhahabu, akamwita Verna "mlinzi wa mji", akamkumbatia, akampa maua, picha ikapigwa. Madiwani wakasimama kumpigia makofi, hata wale waliozoea kumbetulia midomo. Verna akarudi kiti cha mbele na maua mapajani. Keki ilikuwa inamngoja nje ya ukumbi.

Curt akaanza kusoma furushi, haraka haraka kama mtu anayemeza dawa chungu. Baada ya mashine za kukatia nyasi na kabla ya fataki za sikukuu, yalipita maneno haya: upangaji mpya wa huduma za dharura, Mashariki. Verna aliyasikia. Emmett naye aliyasikia, akamgeukia. Mkono wa Verna ukaanza kunyanyuka, maua yakateleza, akayadaka. Alipoinua macho, Curt alikuwa anamtazama akitabasamu, na Verna akaona haya. Watu wamekuheshimu kiasi hiki, uwavurugie shughuli hata keki haijakatwa? Ndivyo alivyolelewa, kama tulivyolelewa wengi pale: ukipewa zawadi unashukuru na kukaa kitako. Akajiambia atamuuliza baadaye, wakiwa wawili.

Kura ikapita. Akaenda kukata keki.

Kesho yake Curt alimpokea ofisini kwa kahawa.

"Mama, ulikuwepo. Ulikaa mbele kabisa," alisema. "Niliuliza kama kuna mwenye pingamizi, hukunyoosha mkono. Nikajua umetuelewa."

"Ulinipa maua ili nifunge mdomo, Curt."

"Usiseme hivyo, mama. Ulistahili."

Denise alimkuta akimwagilia maua barazani. Hakupaza sauti.

"Hivi ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Verna akaendelea kumwagilia. Tangu hapo Denise akawa anamsalimia kwa kichwa tu, na mtaa ukamfuata Denise.

Kituo kilifungwa kiangazi kile. Majani yalipoanza kupukutika, Emmett alianguka jikoni. Verna akapiga simu, kisha akatoka nje kulitazamia gari. Lilifika upesi sana, mpaka kwenye kivuko. Treni ya makaa ilikuwa imesimama. Aliziona taa nyekundu zikimulika kati ya mabehewa, karibu kiasi cha kuita mtu. Mhudumu mmoja alipenya katikati ya mabehewa na mkoba wake, akaja mbio. Emmett alikuwa ameshakata roho.

Kanisani, Curt alikuja kwenye foleni ya kutoa pole, akamshika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu kweli.

"Mama, laiti tungejua," alisema.

"Ulijua, mwanangu. Na mimi nilijua," Verna alimwambia. "Mwenzio niliona aibu kusema, nikamuuza mume wangu kwa kipande cha keki. Wewe ulipata nini?"

Curt aliiachia mikono yake. Nyuma yake foleni ilikuwa inangoja, basi akasogea mbele na kumpa mkono shemeji wa marehemu.