Baba aligoma kuvuka mlango wa kanisa hata kwa chanjo, ngoma ndiyo iliyomtoa nyumbani

Wakuu, heshima kwenu. Kaeni vizuri, hiki kisa ni cha nyumbani kwetu kabisa, Mbuba, Ngara. Sijaongeza chumvi, na anayebisha aje nimwoneshe baba yangu mwenyewe.

Kipindi cha korona baba mdogo alifariki. Msibani tukaambiwa ni changamoto ya upumuaji, neno korona halikutajwa. Tukazika, tukanyamaza.

Sasa baba yangu naye ana pumu ya miaka mingi. Akikohoa tu, roho yangu inaruka. Chanjo ilipofika nikasema huyu mzee lazima achanjwe, nisije nikamzika na yeye.

Kanisa letu lilijitoa jamani, acheni nijisifu.

Akina mama walishona barakoa wakagawa kila nyumba, ya Mkristo na ya Mwislamu. Ndoo za maji na sabuni ziliwekwa mpaka gulioni. Halafu paroko akawapa manesi wa zahanati ukumbi wa kanisa wachanjie humo.

Hapo ndipo tulipobugi. Wasiosali kwetu wakaona hiyo ni chanjo ya wenye kanisa, hawakuja. Na hata sisi tulikwenda wachache, maana stori za mtaani zilikuwa ukichoma unageuka zombi!

Na baba? "Mlango ule sivuki."

Iko hivi. Baba alikuwa mpiga ngoma wa kanisa tangu ujana. Kwaya iliponunua kinanda, ngoma ikatupwa stoo, na hakuna aliyemwambia hata asante. Akasusa. Pasaka hayupo, Krismasi hayupo. Nikimbembeleza habari za chanjo, ananiuliza kama mboga imeiva.

Basi kanisa likahamishia chanjo gulioni, siku ya soko. Waumini wakabeba mabenchi kichwani, turubai la misiba likafungwa. Kila kitu tayari, umeme ukakatika. Spika ya matangazo kimya.

Katekista wetu, mama mmoja asiye na aibu, akaja kwetu anahema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Spika imegoma. Tunaomba utupigie ngoma, watu waje."

Baba akamtazama weee. "Ile mliyoifungia stoo?"

"Hiyo hiyo. Na tulikukosea, mzee wangu. Utusamehe."

Baba akaingia ndani, akatoka amevaa kofia, mkononi kopo la siagi ya kupaka ngozi ya ngoma. Nikajua mambo yamekuwa mambo.

Ngoma ikatolewa stoo, ikaletwa gulioni. Baba akaipaka siagi, akaianika juani mpaka ngozi ikakaza, ndipo akapiga.

Wakuu! Watu walitoka migombani na majembe begani. Muuza nyama, Mwislamu safi, alifunga bucha akaja. Mimi nipo pembeni najisikia kama baba yangu ndiye rais.

Ghafla mama mmoja muuza mahindi akapaza sauti, "Mbona huyu anayetuita mwenyewe hajachoma?"

Waliokwisha kupanga foleni wakaanza kurudi nyuma. Nikaona tumekwisha, maana namjua baba, akisukumwa ndiyo anagoma zaidi.

Baba akaweka fimbo ya ngoma chini. Akawatazama, akanitazama na mimi. Kisha akakunja shati, akamsogelea nesi.

"Choma wa kushoto. Wa kulia una kazi."

Vigelegele mlivyowahi kusikia ni utani. Mama wa mahindi akakaa nyuma yake, wa pili. Baba akarudi kwenye ngoma akapiga mpaka nesi akasema dozi zimeisha. Mimi nililia hadharani, sikujali.

Jumapili iliyofuata ngoma ilikuwa ndani ya kanisa, kando ya kinanda. Na baba akaingia. Nilipomtania kuhusu mlango akaniambia, "Mimi sijalifuata kanisa. Nimefuata ngoma yangu." Haya, baba.

Nilichojifunza ni kwamba nilimhubiria mzee wangu wiki na wiki bila kumuuliza kinachomuuma. Katekista aliomba radhi dakika moja, ikatosha. Najivunia kanisa linaloweza kusema tumekosea, na najivunia baba kuliko maelezo.

Nyie mzee mbishi wa kwenu mlimpataje? Mwageni hapa tujifunze.

Baba ananiita huko. Siagi ya ngoma imeisha, na kesho ni Jumapili.