Majigambo Mbele ya Kamera

Kaka yangu, askari wa mgambo, alipoitwa vitani, mama alitaka kitu kimoja tu: picha yake. Kijijini kwetu Mabawe hapakuwa na mpiga picha. Kaka alikuwa na miaka kumi na minane, mimi msichana wa kumi na mitano. Baba akaniagiza nimsindikize mpaka Biharamulo kwa shangazi, apigwe picha, nami niirudishe nyumbani.

Tulipanda lori la kahawa. Njia nzima kaka alitunga majigambo. Kwetu kijana anayekwenda kwenye hatari husimama mbele ya watu akajitaja: mlima aliotoka, sehemu alizovuka, baba aliyemzaa. Shida ni kwamba kaka hakuwahi kuvuka popote. Basi kila tulipopita mahali alipaingiza kwenye shairi lake, Nyamiaga, kisha Nyamigogo, vumbi limemjaa mdomoni.

"Umevuka ukiwa umekalia magunia," nikamtania.

Alicheka, lakini hakufuta neno. Alichokataa kabisa kukitaja ni Mabawe yenyewe, kijiji cha ujamaa tulikohamishiwa, nyumba zote mstari mmoja. Alitaja mlima wetu wa zamani, ambako migomba yetu ilibaki bila mtu. Mimi pia nilikichukia kile kijiji, ila sikuthubutu kusema.

Mpiga picha wa Biharamulo alikuwa mzee, mgeni wa mbali. Tukamwamkia.

"Marahaba. Balbu ya kamera imeungua, na siku hizi hazipatikani. Itabidi lenzi ikae wazi kwa muda mrefu kidogo. Usitikisike, kijana. Filamu ni adimu, kila mtu picha moja."

Kaka akaitikia. Lakini kamera ilipomkodolea jicho, nadhani aliona ukoo mzima umejaa mle chumbani. Akainua mkono, akakita mguu, akaanza majigambo. Kwetu hakuna anayeyasema amesimama kama mti. Mzee akafoka, kaka akanyamaza katikati, na picha ilikuwa imekwishapigwa.

Kesho yake aliondoka na wenzake. Picha ilipokuwa tayari niliona shati lake, nikaona mguu mmoja. Usoni palikuwa na ukungu mtupu. Nililia kwa hasira. Mama aliipokea, akaitazama, akaiweka sandukuni mwake.

Vita viliisha. Wenzake waliovuka naye mto Kagera kwenda kupigana walirudi, yeye hakurudi. Hatukuletewa hata mwili wa kuzika. Siku ya matanga mama alitoa ile picha mbele ya wazee wa ukoo, akanigeukia.

"Wewe ulikuwepo. Hapa alikuwa anasema nini?"

Majigambo ni ya wanaume. Nilijua hivyo tangu utotoni, na niliogopa. Nilimtazama baba, alikuwa ameinamisha kichwa. Nikasimama, nikainua mkono, nikakita mguu.

"Mimi ni wa mlima wenye migomba. Mimi niliyevuka Nyamiaga. Mimi niliyevuka Nyamigogo."

Nikashusha mkono.

"Endelea," akasema baba.

"Yameishia hapo, baba. Mpiga picha alimkatiza."

Hakuna aliyenikaripia. Mama alikuwa ameibana picha kifuani kwa mikono miwili. Baba akanyanyuka taratibu, akaja kusimama kando yangu, akainua mkono wake.

"Mimi niliyevuka mto Kagera," akasema, akakita mguu chini.