Mguu wa Kushoto wa Shangazi

Miaka kumi na tisa shangazi yangu anapiga pasi akiwa amesimama, kwenye chumba cha kufulia kisicho na kiti wala dirisha. Mishipa ya miguu yake imetuna kama kamba. Wapiga pasi wote wa pale hujifunga mashavu ya miguu kwa vitambaa vya shuka kuukuu, ati mishipa irudi ndani. Upuuzi mtupu!

Jumatatu mguu wa kushoto ulivimba peke yake, ukawa wa moto na wa kuuma. Muuguzi aliyekuja kuchukua shuka za hospitali akauona.

"Mama, mishipa kuonekana tu si hoja. Lakini mguu mmoja kuvimba ghafla na kuuma hivi, huenda damu imeganda ndani. Fungua hicho kitambaa, uende kwa daktari leo hii."

Shangazi akaomba ruhusa kwa msimamizi.

"Malizia shuka kwanza," akajibiwa. "Hospitali inazisubiri."

Nimemsihi aondoke mpaka mate yamenikauka.

"Nikiondoka," ananijibu, "nikirudi nitamkuta mwingine na pasi yangu."

Leo Alhamisi. Shuka zimeshakwenda hospitali mara tatu. Shangazi hajaenda hata mara moja.