Siku Tuliyomtambulisha Mrefu

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Murukulazo kusimamia mafundi waliokuwa wakijengea kaburi la Bibi. Saruji ilichelewa kufika, nikaona badala ya kukaa nikiwatazama wakinywa chai, nitembee hadi shule ya msingi niliyosoma. Uwanja bado upo. Nguzo za mpira wa pete siku hizi ni za chuma, zimepakwa rangi nyeupe, na wasichana waliokuwa wakicheza pale waliniamkia shikamoo kwa pamoja, kisha wakaendelea na mchezo wao. Mmoja alirusha mpira, ukazunguka juu ya pete, ukaangukia nje. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Mkono uache juu." Hawakunisikia. Mimi ndiye niliyejisikia, na ilinibidi nikae chini kwenye majani, kwa sababu maneno yale si yangu, ni ya mtu tuliyemwita Mrefu.

Kama ulikulia upande wetu huhitaji kusimuliwa miaka ya wakimbizi. Vijana wa leo ukiwaambia kwamba pale Benaco, kambini, paliwahi kuwa na watu wengi kuliko mji wowote tuliokuwa tunaujua, wanakutazama tu kwa adabu. Sisi tuliuona moshi wake kila asubuhi, na malori ya chakula yaliunguruma barabarani hata wakati wa misa. Kuni, ambazo zamani tuliziokota nyuma ya nyumba, zikageuka safari ya nusu siku, maana vilima vilibaki vipara. Watu wa kwetu walipeleka ndizi kambini wakarudi na mafuta ya kopo na mahindi ya njano. Bibi aliyapika mahindi hayo huku akilalamika kwamba hayana ladha ya kitu chochote, kisha anakula sahani nzima.

Wakimbizi walikuja pia kwetu kutafuta vibarua vya kulima. Walifika asubuhi, jioni wakarudi kambini na mikungu yao ya ndizi kichwani. Siku moja mmoja wao hakurudi. Alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini, mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, suruali imemwishia katikati ya miguu. Alipiga magoti mbele ya Bibi wakazungumza muda mrefu, yeye kwa Kinyarwanda, Bibi kwa Kihangaza, lugha ambazo zinasikilizana. Walipomaliza, Bibi aliwatoa mbuzi jikoni, akamtandikia majani makavu alale humo. Kisha akatuita sisi wajukuu na kutupa masharti: Mrefu haendi gulioni, haendi kambini, haendi kanisani. Tukiulizwa, ni kibarua tu, basi, wala hatujui katoka wapi.

Sababu niliielewa sawasawa nilipokuwa mkubwa, ingawa hata wakati ule nilijua ya kutosha. Mrefu alikuwa Mtutsi. Siku ya kukimbia hakuwa na njia nyingine ila kuvuka daraja la mpakani la Rusumo akiwa amejichanganya na umati, na katika umati ule, pamoja na akina mama na watoto wasio na hatia yoyote, walikuwemo watu waliotoka kuwaua ndugu zake. Akajikuta kambini analala turubai moja na watu anaowakimbia. Na sura yake ilijulikana, kwa kuwa alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu.

Hilo la mpira alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, tukipukuchua maharage uani. Alianza utotoni kwa mapadre waliokuwa na uwanja wa saruji. Klabu moja ya mji mkuu wa kwao ikamchukua, ikampa chumba na mshahara. Alipanda ndege kwenda Nairobi, Kinshasa na Kairo kurusha mpira kwenye pete. Watu walilipa kiingilio ili wamwone, na watoto waliandika namba yake, tisa, kwa mkaa kwenye kuta za nyumba zao. Bibi alikataa katakata kuamini. "Alipwe kwa kucheza?" alisema. "Sasa sisi tunaolima tulipwe nini?" Mrefu alicheka mpaka akashika magoti. Lakini nilipomuuliza viatu vyake vya kuchezea viko wapi, aliacha kucheka. Aliviacha kwenye kabati la klabu, alisema, akijua Jumatatu kuna mazoezi.

Shambani hakuwa na mpinzani. Kwa kawaida kukata mkungu ni kazi ya watu wawili, mmoja akate, mwingine adake. Yeye alikata kwa mkono mmoja akadaka kwa mwingine. Migomba ilimficha vizuri, na akitoka humo alitembea ameinama, mikono mgongoni, mpaka jirani yetu mmoja akamhurumia kwa ugonjwa wa kiuno.

Mimi wakati huo nilikuwa mfungaji wa timu ya shule ya mpira wa pete, na nilikuwa mfungaji mbaya. Nilichaguliwa kwa urefu tu. Mrefu aliponiona nikifanya mazoezi kwa mpira wa majani ya migomba, aliteseka, nadhani, kama Bibi alivyokuwa akiteseka akiona mtu anaosha maharage vibaya. Akavumilia siku tatu. Ya nne alifunga ringi ya baiskeli kwenye mkaratusi nyuma ya jiko, akanisimamisha chini yake. "Usiangarie mpira," alisema. "Angaria pete. Mpira unajua njia." Akanifundisha kukunja magoti, kisha kuuacha mkono juu baada ya kurusha, kama mtu anayeweka kibuyu darini. Kila jioni, baada ya kuteka maji, nilirusha mara mia. Akihesabu kwa Kifaransa sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu mwingine, mtu wa mjini aliyezoea kusikilizwa. Naapa sijapata kuwa na furaha ya namna ile tena.

Ndipo ikaja mechi na shule ya Nyamiaga, kwenye uwanja wetu. Mrefu aliomba aje kutazama. Bibi alikataa mara mbili, na mara ya tatu akanyamaza. Hadi leo najiuliza kwa nini alinyamaza. Nafikiri alimwonea huruma, maana alikuwa amekaa miezi bila kuona mchezo, naye mchezo ndio uliokuwa maisha yake yote. Aliketi chini, mwisho kabisa wa wazazi, kajifunika khanga ya Bibi mabegani.

Nilifunga mabao kumi na moja. Shule yetu haikuwahi kuishinda Nyamiaga, kwa hiyo mwalimu wa michezo alikuwa nusu mwendawazimu kwa furaha. Alinishika mkono akaniuliza nani kanifundisha, nami nikaelekeza kidole. Sasa wewe unatujua Watanzania. Hatuwezi kukusanyika hata watu kumi bila utambulisho. Mwalimu mkuu alisimama, akamtambulisha mwenyekiti wa kijiji, akamtambulisha katekista, akawatambulisha wageni wa Nyamiaga mmoja mmoja, kila mmoja akasimama akapigiwa makofi. Halafu akasema kuna mgeni mwingine tumemsahau, aliyemfundisha mfungaji wetu, tafadhali asimame tumwone. Ilikuwa heshima tupu. Hakuna aliyetaka mabaya.

Mrefu alitikisa kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu, wakazidisha makofi. Ikabidi asimame. Alisimama nusu, ameinama, na ile suruali fupi ikaonekana, na khanga. Wasichana wa Nyamiaga wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Hee, kumbe mnafundishwa na mkimbizi wa kuomba unga!"

Ningenyamaza pale, kama ningekuwa na umri wa kunyamaza. Lakini nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mabao kumi na moja, na mtu niliyempenda anachekwa. Nikapaza sauti uwanja mzima usikie. Nikasema huyu si mwombaji, huyu ni mchezaji wa kulipwa, amepanda ndege mpaka Kairo, alivaa namba tisa, na nikaitaja klabu yake kwa jina.

Makofi yakalipuka. Kando ya njia walikuwa wamesimama wanaume wawili kutoka kambini, wachuuzi wa mafuta ya kopo, waliosimama kutazama mechi kama wapita njia wengine. Mmoja hakupiga makofi. Alimtazama Mrefu, akamsemesha mwenzake sikioni, wakanyanyua makopo yao wakaondoka, mafuta hata hawajauza. Mrefu aliwaona. Aliunyoosha mgongo wake wote, sijui nisemeje, alisimama kwa urefu wake wote kwa mara ya kwanza, akawapungia watu mkono kama nadhani alivyowapungia wale waliolipa kiingilio. Kisha akaketi.

Njiani kurudi hakuinama. Sikuthubutu kulia. Nilimwomba msamaha, akaniambia, "Umecheza vizuri. Lakini bao la sita ulishusha mkono." Bibi alipoelezwa hakunipiga, alifunga ndizi za kuchoma na karanga kwenye jani, akamsindikiza mpaka mwisho wa shamba kabla jua halijazama. Mrefu alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Murakoze, mukecuru," ahsante bibi mzee, akashuka bondeni kuelekea mtoni.

Kesho yake walikuja wanaume wanne. Walikuwa na adabu sana. Walimwamkia Bibi shikamoo, wakasema wanamtafuta mchezaji mashuhuri awafundishe vijana wa kambi. Bibi aliitika marahaba, akawakaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akawanywesha polepole na kuwauliza habari za safari, za watoto, za mvua, mpaka jua likawa la utosi. Mwisho akawaelekeza njia ya Nyamiaga, iliyo kinyume na alikoelekea Mrefu.

Baada ya wiki kadhaa mama mmoja aliyekuja kununua ndizi alisema mwili wa mtu mrefu umeonekana kwenye mafunjo ya mto. Bibi akamuuliza, mrefu kiasi gani? Yule mama akanyoosha mkono juu kabisa. Bibi akasema watu warefu ni wengi huko walikotoka, akaendelea kumenya ndizi. Tangu hapo, kila mwaka, aliandikisha nia ya misa ili padre amwombee Mrefu, na kila mwaka alimwandikisha kwenye orodha ya walio hai, walioko safarini. Nilikua nikimsikia padre akimtaja kati ya wasafiri, nami nikishusha pumzi.

Wakimbizi walirudishwa kwao, turubai zikaondolewa, vilima vikaota mikaratusi mipya. Bibi hayupo. Jumamosi ya wiki ile ya ujenzi, saruji ya kaburi ilipokwisha kukauka, nilikwenda ofisi ya parokia kumwandikia misa yake, na katibu akaniuliza kama kuna jina jingine. Nikamtaja Mrefu. Akaniuliza: kwa walio hai, au kwa marehemu? Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga foleni. Nilielewa kwamba miaka yote ile Bibi hakumweka hai kwa ajili yake. Alimweka hai kwa ajili yangu, ili nipate kulala.

Nikamwambia katibu aandike kwa marehemu.