Maneno ya Mama Chini ya Picha

Baba alikuja kukaa kwetu Membley mwaka uliofuata kifo cha Mama. Hakutaka kuja. Alikuwa na mbuzi wake kule Gatuanyaga, na shamba la mahindi ambalo mvua hulikumbuka ikipenda. Lakini kila nilipompigia simu alinijibu jambo ambalo sikuwa nimemuuliza. Nikimuuliza kama amekula, ananiambia mbuzi wamezaa. Jirani yake ndiye aliyenieleza ukweli.

"Mzee hasikii kabisa," alisema. "Juzi mtu wa pikipiki amempigia honi mpaka akashuka kumshika bega."

Mume wangu na mimi tukaenda kumchukua. Mbuzi tukamwachia jirani.

Masikio ya Baba yaliliwa na kiwanda. Alifanya kazi ujana wake wote katika kiwanda cha nguo mjini Thika, kwenye chumba cha kufuma, ambapo mashine zilipangwa safu kwa safu na zote zinagonga kwa wakati mmoja. Tulijua tangu zamani kwamba hasikii vizuri. Mama alipokuwa hai hatukujua ni kwa kiasi gani, kwa sababu ukimuuliza Baba kitu, Mama alikuwa hapo, na jibu lilipatikana.

Kwetu alikaa mbele ya televisheni kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Jumapili moja tulikuwa tunatazama kichekesho, sisi wawili na binti yetu, na yeye katikati. Tulicheka. Nikamwona Baba anatugeukia kwanza, anatusoma nyuso mmoja mmoja, ndipo naye anacheka. Kisha tukanyamaza, naye akanyamaza. Nilinyanyuka nikaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Vifaa vya masikio tulimtafutia. Alivivaa siku chache akavivua. "Mami," aliniambia, kwa maana mimi ndiye kifungua mimba na nina jina la mama yake, "hii vitu inanirudisha kiwandani. Vijiko vinapiga kelele, viatu vinapiga kelele, maji ya mfereji inapiga kelele. Lakini watu ndio hawaongei." Akavifunga kwenye leso, akaviweka chini ya nguo zake.

Hapo ndipo nilipofikiria maandishi, yale yanayopita chini ya picha mtu anapozungumza. Baba alikuwa msomaji. Alisoma Biblia ya Kikuyu kila asubuhi, na gazeti la Kiswahili akilipata alilisoma mpaka matangazo ya vifo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si fundi. Lakini tulikuwa na kompyuta ya zamani iliyovunjika kioo, na mume wangu akaiunganisha na televisheni kwa waya. Nikaweka humo programu ya bure inayopanga filamu kama vitabu kwenye rafu, kila moja na picha yake ya jalada. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Programu ile ilikuwa na masharti kama mama mkwe. Kila filamu ilitaka folda yake. Faili la maandishi lilitaka jina lile lile la filamu, herufi kwa herufi, la sivyo watu kwenye skrini wanafungua midomo na chini hakuna kitu. Na filamu zetu zilikuwa zimeokotwa huku na kule kwenye fulashi za shemeji na majirani, zenye majina kama nambari za magari. Nilizipanga Jumamosi baada ya Jumamosi, nikiwa na chai pembeni.

Hata majina yalipolingana, maandishi mengine yalitangulia picha. Mtu alianguka kwa kilio kabla hajapewa habari mbaya. Baba alifurahia sana. "Angalia huyu," alisema, "amejibu hata hajaulizwa! Huyu angefaa siasa." Nikajifunza kuyachelewesha kwa rimoti. Nikakuza herufi, nikazipaka manjano, nikaziwekea kisanduku cheusi nyuma ili zisipotee juu ya theluji na mashati meupe.

Siku ya kwanza iliyofanikiwa kabisa, tulitazama filamu ya wafugaji wa ngamia wanaotafuta maji. Maandishi yalikuwa ya Kiswahili. Baba aliyasoma, midomo yake ikicheza, kama mtoto wa darasa la pili. Mfugaji mmoja akamtania mwenziwe kwamba ngamia wake ana akili kumshinda yeye. Baba akacheka. Alicheka kabla yetu, bila kumtazama mtu.

Baada ya hapo hakukaa kimya tena. Alikuwa na maoni juu ya kila filamu. Ndipo asubuhi moja, tukimenya viazi, akaniuliza, "Mami, ile ya ruracio yako, inaweza kuandikwa pia?"

Ruracio ni siku upande wa mvulana unapokuja kuleta mahari na kuomba binti. Watu wa mume wangu walikuwa wametoka Kakamega na kujaza uwanja wetu wa Gatuanyaga, na kijana wa kamera alikuwa amerekodi kila kitu, hata kuku. Sikuwa nimeitazama tangu Mama afariki. Nilimgeukia Baba ili anione midomo, nikamwambia nitajaribu.

Niliikuta ile diski kwenye kabati la Mama, kati ya vitambaa vyake vya kufuma. Nikaiingiza kwenye kompyuta, nikavaa vipokea sauti vya masikioni, nikaanza. Kwa kila sentensi unaandika inapoanzia, inapoishia, na kilichosemwa, kwa lugha ile ile iliyosemwa. Wazee wa Kakamega walizungumza Kiswahili cha mafumbo, wetu wakajibu Kikuyu, na mkalimani akapotosha pande zote mbili. Hayo yote niliyaandika kwa urahisi. Sauti ya Mama ndiyo iliyonishinda. Alikuwa akisema mambo ya kawaida tu, "leteni viti," "huyo mtoto amekula?" nami narudisha nyuma, nasikiliza, narudisha tena hata pale nilipokuwa nimeshaandika. Mahali alipocheka sikujua niandike nini. Mwishowe nikaandika: Mama anacheka.

Kulikuwa na sehemu moja niliyoshindwa nayo kabisa. Wazee wanajiandaa kumuuliza Baba swali kubwa la siku hiyo. Mama ameketi kando yake. Anamgeukia, anamwambia jambo refu kidogo. Lakini jenereta inanguruma karibu na kamera na wanawake wanapiga ngemi, vigelegele vya Kikuyu, na sauti yake imezama. Nilijaribu kila njia. Nikaandika: Haisikiki.

Tuliitazama Jumapili baada ya kanisa. Binti yangu, ambaye Kikuyu chake ni cha salamu tu, alikaa sakafuni. Baba alivaa miwani na koti, kana kwamba wageni wanakuja tena. Mama akatokea akibeba kiti. Maandishi yalipopita, "Huyo mtoto amekula?" Baba alitikisa kichwa polepole. Tulipofika kwenye jenereta, akainua mkono.

"Simamisha hapo. Rudisha."

Nikarudisha. Akasimama, akasogea mpaka karibu na skrini.

"Kwa nini umeandika haisikiki?"

"Ni jenereta, Baba. Mama anaongea lakini sauti haitoki."

"Sauti ya nini? Si anaongea hapo, unaona? Cheza polepole."

Nikapunguza mwendo. Baba akamtazama Mama usoni, kisha akasema, akifuata midomo yake neno kwa neno, "Usiogope. Mimi nitasikia. Nikikufinya mkono mara moja, sema ndiyo. Nikikufinya mara mbili, sema bado tunafikiria."

Nikarudisha mwendo wa kawaida. Kwenye skrini mzee wa Kakamega akauliza swali lake. Baba wa siku ile akakaa kimya, ameinamisha kichwa kama mtu anayepima neno. Nikaangalia sehemu ya chini ya picha, pale ambapo sikuwahi kuangalia. Mkono wa Mama ulikuwa juu ya wake. Kisha Baba akainua kichwa, akasema kwa sauti nzito, "Bado tunafikiria." Uwanja mzima ukapiga makofi.

Mume wangu akashika kichwa. "Mzee! Wazee wetu walirudi nyumbani wakisema baba ya huyu msichana ni mtu wa busara, hajibu kwa haraka!"

Nilimsogelea Baba, nikasimama mbele yake. "Ulikuwa husikii tangu wakati huo?"

"Hata kabla," alisema. "Wewe ukiwa sekondari, hii sikio ya kushoto ilikuwa imeenda. Mama yako alisema, mtoto wetu ataolewa, watu wasije wakasema baba yake ni wa kuongozwa."

Ndipo akatueleza jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Yeye na Mama walikutana katika chumba kile cha kufuma. Pale huwezi kusikia hata ukipigiwa kelele sikioni, kwa hiyo wafanyakazi walizungumza kwa midomo, kutoka mashine hii hadi ile. Mama alikuwa safu ya pili kutoka kwake. "Nilimtongoza bila sauti," alisema. "Siku tulipokutana nje ya geti na akaongea, nilishtuka. Sikujua ana sauti nyembamba hivyo." Kisha akaketi, akavua miwani, na machozi yakamtoka bila yeye kuyazuia. Binti yangu akapanda kwenye kochi, akamshika mkono.

Kesho yake jioni tulikaa mbele ya kompyuta, nikafuta lile neno langu na kuandika ya Mama, Baba akinisomea. Nilipoandika "nitakusaidia" mahali pengine alikataa. "Hakusema hivyo. Amesema nitakushika." Alikuwa mkali kama mhariri. Halafu akataka niandike yote upya kwa Kiswahili, faili la pili, ili mtoto akitaka achague. Kwa hiyo sasa filamu ile ina maandishi ya aina mbili, na jamaa wa Kakamega wamepelekewa nakala. Niliogopa watakasirika kwamba walipewa jibu la kufinywa. Shemeji yangu alipiga simu akicheka mpaka akakohoa, akasema wazee wanamheshimu Mama kuliko zamani.

Kilichobadilika zaidi ni Baba mwenyewe. Ameacha kujifanya amesikia. Akikosa neno anasema, "Nigeukie, sijakuona vizuri," hata kwa mchungaji. Na binti yangu amekuwa mwanafunzi wake. Alianza kwa maneno mepesi, maji, njoo, lala. Sasa wanapiga soga nzima kutoka upande huu wa meza hadi ule, midomo inacheza, hakuna sauti, wanacheka wao kwa wao. Juzi niliwauliza wanasema nini.

Binti yangu akamtazama babu yake kwanza, kuomba ruhusa.

"Guka anasema supu haina chumvi," akaniambia, "lakini nisikwambie."