Marehemu Muuza Sambaza

Kila asubuhi Verediane hujitwika beseni lake la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliotoka Nyamyumba, akafika barrière ya mpakani, na askari wa foleni humuuliza lile lile.

"Mama Vere, ungali muzima?"

"Nikufe leo, sambaza wabaki na nani? Na wewe? Utawamaliza mbele ya matanga!"

Foleni nzima hucheka. Hawajui kwamba kwenye karatasi za Ufaransa mama huyu ni marehemu, mwaka wa kumi na moja sasa.

Binti yake Uwimpuhwe alipofika Lyon kuomba hifadhi, mjuaji mmoja alimwambia mwenye mama hai hurudishwa kwa mama. Akapiga simu akilia: "Mama, wanataka mutu asiye na kwao."

Verediane alikuwa akianika samaki. "Bon, niue basi. Si kwa mudomo tu?"

Alidhani ni kama uongo wa barrière: unasema samaki ni wa harusi, unavuka bila ushuru, nao umeisha. Hakujua kuna mpaka ambako uongo hupigwa muhuri, ukapewa faili, ukaishi kukuzidi.

Lyon wanamwita Uwimpuhwe Mkongo, Wakongo wa huko wanamwita Mnyarwanda, sisi wa Gisenyi tunamwita Mfaransa. Aliahidi, "Nikipata uraia nitakufufua." Uraia ulikuja mwaka jana, ukaja na hofu yake: uongo ukijulikana, watamnyang'anya uraia. Basi mjukuu, Umuhire, wa miaka saba, akaendelea kumwita bibi yake tantine, yaani dada wa mama yake. Verediane alijifariji kwamba kwetu dada wa mama ni mama. Siku moja mtoto ataambiwa.

Jumapili iliyopita Umuhire alijaza uso wake kwenye simu ya video.

"Tantine, ona! Tumechora familia."

Juu kabisa alisimama mwanamke mwenye beseni kichwani, na msalaba pembeni.

"Huyu ni bibi. Alikufa. Mi namuwashia mushumaa."

Nyuma yake Uwimpuhwe aliziba mdomo kwa kiganja. Neno moja tu lilihitajika. Verediane alilionja ulimini, akalimeza.

"Alikuwa mutu wa namna gani, bibi yako?"

"Mama anasema alikuwa anachekesha. Sawa wewe."

"Aa. Donc umuwashie mukubwa. Alikuwa anaogopa giza."

"Mama..." likamponyoka Uwimpuhwe.

Mtoto akageuka. "Unaita nani?"

"Hakuna mutu," Uwimpuhwe akajibu.

Jumatatu, barrière. "Mama Vere, ungali muzima?"

Foleni ikasubiri utani wake. Verediane akatua beseni, akamnyooshea askari kitambulisho.

"Soma wewe, mwanangu. Mi sijui tena."